Fundi Aliyenisikilizia Mji

Ukitaka nasaba yake, usiniulize mimi. Waulize Wasomali wenzake wa Garissa. Watakuhesabia mababu mpaka chai ipoe, na mwisho utaambiwa kwamba mjukuu wa binamu yake ni jirani yako. Mimi namjua kutoka kifuani kwenda juu tu. Miaka yote niliyofundisha katika mji ule nilimkuta ameketi nyuma ya meza yake, na siku nilipomwona amesimama nilishangaa kumbe ni mrefu hivyo.

Alikuwa fundi wa iafoni zisizo na waya, zile mbili ndogo zinazolala ndani ya kikasha. Simu na redio alitengeneza pia, lakini jina lake lilitokana na kazi moja: iafoni mbili zilizokataa kushikana. Moja inalia, nyingine imenuna. Au zote zinawaka taa, lakini kila moja inajifanya haijawahi kumwona mwenzake. Mafundi wengine wakishindwa, walimwambia mteja aende Suuq Mugdi, lile soko la mabati lenye giza mchana kweupe, amtafute mzee mwenye ndevu za hina na kelele nyingi. Kelele zilikuwa zake mwenyewe. Alikuwa akijisifu tangu asubuhi hadi adhuhuri, akapumzika kidogo kwa swala, akaendelea.

Nilimwita Adeer. Ndivyo wanavyomwita ami, na ndivyo mtu mwenye adabu anavyomwita mwanamume yeyote aliyemzidi umri. Ajabu ni kwamba naye aliniita adeer. Mwanzoni nilidhani ananidhihaki, mimi mwanamke wa Embu nisiye na ndevu wala ngamia. Nikamuuliza. Akacheka mpaka akakohoa.

“Kwetu jina inaenda na inarudi,” akasema. “Ukiniita ami, mimi nakuita ami. Ukiniita mama, nakuita mama. Sasa ukiniita jina mbaya, shauri yako.”

Jambo moja linapaswa kujulikana mapema, maana bila hilo huwezi kumwelewa. Kila jozi aliyoitengeneza aliipima kwa rekodi ileile iliyokuwa katika simu yake, na katika rekodi hiyo, upande wa kulia, ilikuwa sauti ya kaka yake aliyekwisha kufariki. Na sikio la kulia la fundi lilikuwa likififia mwaka baada ya mwaka. Alilijua hilo kabla yetu sote. Hofu yake ya maisha ilikuwa hiyo tu, kwamba siku moja atavaa iafoni nzima kabisa na kaka yake asisikike. Mengine yote, joto, wezi, umeme kukatika, aliyatania.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa na mpangilio ambao hakuna mteja aliyeruhusiwa kuuharakisha. Kwanza alizimimina iafoni juu ya kitambaa cheupe, akazinusa. Ndiyo, alizinusa. Alidai kwamba anaweza kutambua iafoni ya mtu wa miraa, ya mama wa udi na ya mtu wa ofisini asiyeoga Jumapili. Kisha alichukua mswaki wa mti, uleule wa kusafishia meno, akautafuna ncha mpaka ukawa na nywele laini, akasugua vile vichuma vidogo ambavyo iafoni hunyonyea chaji ndani ya kikasha. Mchanga wa Garissa ni unga, unaingia hata ndani ya yai, na nusu ya magonjwa aliyoletewa yalikuwa uchafu huo tu. Wateja wageni waliutazama mswaki ule kwa wasiwasi, wakijiuliza kama ndio ule uliokuwa kinywani mwake wakati wa salamu. Aliwaacha na wasiwasi wao. Mimi najua alikuwa na miswaki tofauti, ila nilikatazwa kusema.

Halafu alizirudisha zote mbili ndani ya kikasha, akafunga kifuniko, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia. “Kwanza wakae nyumba moja,” alisema. Hapo ndipo wateja wengi walipoanza kutazama saa. Yeye alikunywa chai pole pole na kuuliza swali lake: “Nani mwingine anazijua hizi?”

Alimaanisha simu. Iafoni ikishawahi kushikana na simu fulani inaikumbuka, na ikiisikia karibu inaikimbilia na kumwacha mwenzake. Kwa hiyo kila simu iliyozijua lazima ifanywe izisahau, kisha iafoni zote mbili zibonyezwe kwa wakati mmoja, na mkono wa mtu mmoja, mpaka taa ziwake pamoja nyekundu na buluu. Zikikubaliana, taa ya moja inazima na ya nyingine inabaki. Hapo alipumua. “Umeona? Lazima moja anyamaze, moja aongee na simu. Zote zikitaka kuongea na simu, habana, hakuna kitu.”

Swali lile la nani mwingine anazijua lilileta mambo. Namkumbuka mama mmoja muuza nguo wa sokoni humohumo aliyekuja amemkokota mumewe, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri na malori kwenda Elwak. Kisa chao kilikuwa kwamba mume, kila akisafiri, alichukua iafoni ya kulia na kumwachia mkewe ya kushoto. Aliona ndio haki. Kila mmoja akaifunga yake kwenye simu yake. Sasa alikuwa amerudi, na iafoni zimekataa kabisa kujuana.

“Adeer, mwambie huyu mzee,” mama akaanza. “Iafoni ilikuwa yangu. Ameharibu ya kulia na vumbi ya Elwak.”

“Nimeharibu nini?” mume akasema. “Mimi nilichukua moja tu, nikakuachia moja. Mtu anataka mbili ya nini? Sikio moja inasikia simu, moja inasikia dereva kama amelala.”

“Ya kushoto haina shida! Yako ndiyo haitaki kurudi!”

“Simu mbili, hapa juu ya meza,” fundi akasema.

Nilikuwepo, nikajitia kujua. Nikauliza kwani simu ya mume ikiwa mbali huko Elwak itazishika vipi? Si ingetosha kutengeneza kwa simu ya mama peke yake?

“Akiwa safari iko mbali,” akanijibu bila kunitazama. “Kesho akirudi nyumbani, usiku mama anasikiliza habari yake, iafoni ya kulia inatoka inaenda kwa mzee. Vita inaanza upya, na wanakuja kunitukana mimi.”

Simu zilipokwisha kusahau, aliwapa kila mmoja iafoni yake akawaambia wabonyeze pamoja. Mama alibonyeza upesi. Mume alikuwa bado anatafuta mahali pa kubonyeza. Wakajaribu tena, safari hii mume alitangulia na mama akaachia kabla ya wakati. Soko zima lilikuwa limegeuka kutazama. Fundi aliwaacha wahangaike kwa raha zake, kisha akazichukua zote mbili akazibonyeza kwa vidole gumba vyake viwili, na taa zikawaka pamoja kama hazikuwahi kugombana. Mama akamtazama mumewe. “Umeona? Ilikuwa wewe.” Wakaondoka bado wanabishana, kila mmoja ana iafoni moja sikioni, wakisikiliza kitu kimoja.

Nilidhani baada ya kisa kama kile atatoa maneno mazito juu ya ndoa, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikwisha kuyaandaa kichwani kwa niaba yake. Nikamchokoza. Akanitazama kama mtu aliyepoteza akili kwenye jua. “Adeer, hii ni iafoni,” akasema. “Watu ni watu.”

Hakuwa mtakatifu wala mjuzi wa kila kitu. Siku moja aliyeyusha kikasha cha mteja kwa kukiweka karibu na moto wa kuchomelea, akashikilia kwamba ni joto la Garissa ndilo lililofanya vile. Alikuwa na hasira za haraka. Aliwahi kumfukuza mtu kwa kuguna wakati chai inanywewa. Na alikuwa na msimamo mkali kuhusu muziki. Aliuona ni upotevu wa muda na wa roho, akawaambia hivyo vijana waliokuja na iafoni zao, huku mikono yake ikihakikisha muziki huohuo utasikika vizuri zaidi kesho. Nilipomwonyesha kwamba mdomo na mikono yake havielewani, alisema masikio ni ya mwenyewe na kesi yake pia ni ya mwenyewe, yeye kazi yake ni kushikanisha.

Kulikuwa na kijana wa shirika moja la misaada kule Dadaab aliyeleta jozi ya gharama, amekasirika kwamba hata huko mjini imeshindikana. Fundi alizisugua, akazifungia, akanywa chai, akazibonyeza, zikagoma. Akarudia. Zikagoma. Wateja wakaanza kukonyezana, maana tulikuwa hatujamwona akishindwa mbele za watu. Akaziinua moja moja karibu na jicho, akazinusa tena, kisha akatabasamu polepole na kuziweka mezani.

“Ofisini kwenu, nani mwingine ana iafoni kama hii?”

Kijana akafikiri. Mwenzake wa meza ya pili anazo za aina hiyohiyo. Huwa wanazichaji pamoja.

“Basi rudi kwake. Hizi si ndugu. Hizi ni majirani. Moja inanuka wewe, moja inanuka mtu mwingine.”

Kijana alicheka mpaka akaketi. Fundi yeye alibaki na kisa hicho mdomoni kwa msimu mzima, na kila alipokisimulia kiliongezeka urefu.

Sasa nije kwangu, maana deni la shukrani nililonalo kwake halikutokana na vichekesho hivi.

Nilipopangiwa Garissa, watu wa nyumbani waliniaga kana kwamba nakwenda mahali pasipo na kurudi. Kulikuwa na habari nyingi mbaya zilizosikika miaka ile, na kila shangazi alikuwa na yake ya kuongeza. Dada yangu alinizawadia iafoni, akaniambia nisikilize kwaya ya kanisa letu nikipata upweke, kwa sababu nilikuwa nikiimba humo sauti ya pili. Nikafika, nikafundisha, nikaipenda shule. Lakini kila nilipotembea au kuketi mahali nilivaa iafoni ya kushoto tu. Sikio la kulia nililiacha wazi. Sikuwahi kujiambia kwa nini. Pikipiki ikilia kwa nguvu, niligeuka. Mlango wa bati ukibamizwa, niligeuka. Nililala hivyo na kuamka hivyo.

Baada ya muda iafoni ya kulia ikafa. Ndipo nikaelekezwa kwa mzee wa Suuq Mugdi. Alizimimina juu ya kitambaa, akazinusa, akaitazama ya kushoto, akaitazama ya kulia.

“Hii inafanya kazi sana,” akasema. “Hii nyingine haijawahi kwenda kazi. Wewe ni mwalimu ama sister wa hospitali?”

“Mwalimu. Umejuaje?”

“Watu ya serikali kutoka Kenya, wote ya kulia inalala.” Kule, Kenya ni huku tunakotoka sisi, utasikia mtu akisema anasafiri kwenda Kenya kesho. Akainua macho. “Unaogoba?”

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo wazi. Wenzangu wa bara tulikuwa tunaogopa pamoja bila kutaja. Nikasema ndiyo, naogopa.

“Mimi pia saa zingine naogoba,” akasema, kwa sauti ya kawaida tu. “Lakini ukiacha hii ndani ya kasha kila siku, inajaa mchanga, haipati chaji, inasahau mwenzake. Halafu unasema imeharibika. Haijaharibika. Haijaitwa.”

Akasugua, akafungia, akanywa chai yake na kuniagizia yangu. Akazibonyeza. Taa zikawaka, moja ikazima. Akazipima mwenyewe kwanza kwa rekodi yake, kisha akaziweka mezani nizichukue, kwa sababu hakuwa mtu wa kupokezana kitu mkono kwa mkono na mwanamke asiye wa kwake.

“Weka zote mbili,” akasema. “Hapa hapa. Keti. Mimi nitasikiliza mji. Kitu ikija, nitakuambia.”

Niliketi kwenye benchi lake. Nikavaa zote mbili. Garissa yote ikanyamaza, na kwaya yetu ikaingia: sauti za kwanza upande huu, besi za kina baba upande ule, na mimi katikati pale nilipokuwa nikisimama kila Jumapili. Nilikuwa nimesahau kwamba besi zile zipo. Nikalia sokoni mbele ya watu, machozi na jasho pamoja, na yule mzee asiyependa muziki aligeuza uso akatazama barabarani, anasikiliza pikipiki na punda na wauza maziwa kwa niaba yangu. Hakuuliza nilikuwa nasikiliza nini. Sijawahi kufanyiwa hisani kubwa kuliko ile, na nimefanyiwa nyingi.

Ikawa desturi. Siku ambazo sikuwa na vipindi vya mchana nilipita kwake, nikaketi, nikavaa zote mbili, naye akashika zamu. Kwa kuwa hakuweza kunigusa bega, akitaka kuniita aligonga meza kwa mpini wa bisibisi, nami kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umelala juu ya mbao nilihisi mdundo ule kwenye vidole. Mara nyingine alikuwa anataka niondoe miguu mteja apite. Mara nyingine ni kunikumbusha kwamba jua linashuka. Hata siku moja hakunigongea kwa hatari. Na polepole, bila kuamua, nilianza kuvaa zote mbili nikiwa njiani peke yangu. Nilikuwa nimekuja nikiwa na fomu ya kuomba uhamisho moyoni. Nikakaa miaka mingi.

Nilikuwa nimezoeana naye sana kabla hajanipa kusikiliza ile rekodi yake. Aliitengeneza mwaka mmoja alipokwenda kuwasalimia ndugu zake Tarbaj wakati wa kiangazi. Walikuwa wanawanywesha ngamia kwenye kisima kirefu. Watu husimama ndani ya kisima, wengine juu ya wengine, wakipokezana ndoo kwenda juu, na kazi hiyo huendeshwa kwa kuimba: mmoja anaita, wengine wanaitikia, na ndoo inapanda kwa mwitiko huo. Kaka yake ndiye aliyekuwa akiita, yuko ndani kabisa, haonekani. Waitikiaji wengi walikuwa nje, kwenye hodhi. Fundi aliishika simu yake kwa ulalo katikati ya kisima na hodhi, na ndivyo ikatokea kwamba ukivaa iafoni zilizoshikana sawasawa, kaka yuko kulia peke yake, ametoka chini ya ardhi, na watu wote wako kushoto. Kama iafoni hazijashikana na inalia moja tu, wote wanarundikana mahali pamoja. Hakuwa na kipimo kingine, na hakuhitaji.

Mwisho wa rekodi wimbo unakatika, na kaka anapaza sauti kutoka kisimani: “Waryaa, taleefanka dhig, soo deg!” Wewe, weka simu chini, shuka!

“Nilishuka?” fundi aliniuliza siku hiyo, kana kwamba mimi ndiye nilikuwa kule. “Sikushuka. Nilikuwa na nguo safi ya mjini. Nilicheka, nikazima.” Kaka yake aliugua akafariki kabla ya kiangazi kilichofuata, na Tarbaj si karibu.

Ndiyo sababu kila alipopima jozi na kufika mwisho, fundi alijibu kwa sauti, mbele ya wateja, “Waan imaanayaa!” Nakuja! Kisha akazitoa masikioni na kumpa mwenyewe. Wageni walidhani anaongea na mkewe kwenye simu.

Nilimwambia tuinakili ile rekodi mahali pengi ili isipotee. Alinionyesha kadi alizozihifadhi, moja dukani, moja nyumbani, moja kwa binti yake. “Sauti ina kopi,” akasema. Akagusa sikio lake la kulia. “Hii haina.” Alikwisha kwenda hospitali. Aliambiwa ni umri, na jenereta za soko alizokaa nazo ubavuni maisha yake yote. Kila mwezi alipandisha sauti ya simu kidogo.

Kisha nikahamishwa, safari hii bila kuomba, nikarudi Embu. Niliondoka na miswaki aliyonipa ya kusafishia iafoni, na onyo nisiitie kinywani.

Nilirudi Garissa mwaka jana kwa harusi ya msichana niliyemfundisha. Kabla ya kwenda kwenye hema nilipita Suuq Mugdi. Alikuwepo, meza ileile, ndevu zimepauka hina. Nilimkaribia kutoka upande wa kulia, upande wa benchi langu, nikasema, “Adeer, assalaam aleykum.” Akaendelea kusugua. Nikarudia. Hakuinua kichwa. Nilijua kabla sijazunguka. Nikapita mbele ya meza nikasimama upande wa kushoto.

“Adeer.”

“Adeer!” Akaweka mswaki chini na kunitazama kwa furaha iliyonifanya nisijue niweke wapi mikono yangu. Akaniuliza kuhusu mama, mvua, mashamba, shule, kwa mpangilio huo. Akaagiza chai. Akajisifu kidogo ili nijue ni yeye. Kisha nikamuuliza.

“Imekwenda,” akasema. “Tangu Ramadhani. Sasa nikipima, namwomba mteja anisikilizie ya kulia. Wananiambia, sawa mzee, iko. Iko! Kama wanahesabu gunia.”

Nilimwambia kuna njia katika simu ya kuziweka pande zote mbili ndani ya sikio moja, atasikia kila kitu kwa kushoto. Akapunga mkono. Alikwisha kujaribu kabla yangu.

“Yuko ndani ya watu,” akasema. “Namsikia, simsikii. Wanaanza kujibu kabla hajamaliza kuita. Kaka yangu hakuwa ndani ya watu. Alikuwa chini peke yake.”

Chai ikaletwa. Palikuwa na jozi mezani aliyomaliza kuitengeneza, taa moja inawaka, moja imezima. Nikavuta benchi langu upande wa kulia. Nikachukua iafoni ya kulia, nikaivaa, nikaisukuma ya kushoto juu ya mbao kumwelekea.

“Weka,” nikasema. “Mimi nitasikiliza upande huu. Akiita, nitakuambia. Weka mkono juu ya meza.”

Alinitazama kidogo. Akaivaa. Akagusa simu yake kuiwasha rekodi, akaulaza mkono wake mkubwa juu ya mbao, kiganja chini, nami nikachukua bisibisi.

Rekodi ikaanza. Sikio langu la kushoto lilibaki wazi kwa soko, na la kulia likashuka kisimani. Kaka akaita. Nikagonga. Upande wake watu wakaitikia, nikaona kidevu chake kikiinuka. Kaka akaita tena, nikagonga tena, na safari hii midomo ya fundi ikatangulia kusogea, akayatia maneno ya kaka mahali pake kabla ya mwitiko kumfikia. Tukaendelea hivyo, mimi nikigonga kila sauti inapopanda, yeye akiita bila sauti na kuitikiwa na watu wa kwao. Mteja alisimama akitaka kusema jambo, akatuona, akaamua kungoja.

Wimbo ukakatika. Nilikuwa nimesikiliza mwisho ule mara nyingi sana kiasi cha kuujua kwa moyo, lakini nilisubiri mpaka nimsikie mwenyewe, kutoka chini, akicheka kidogo kabla ya kusema. Waryaa. Weka simu chini. Shuka.

Nikagonga meza mara ya mwisho.

“Waan imaanayaa,” akasema Adeer. Hakupaza sauti kama zamani. Alisema taratibu, kama mtu anayejibu mtu aliye karibu. Mkono wake ulibaki juu ya mbao kwa muda, kisha akaitoa iafoni, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka mezani upande wangu.

“Ahsante, adeer,” akasema. “Sasa weka zote mbili. Kunywa chai yako. Mimi bado nina sikio moja ya mji.”